Nilizimua rangi ya airbrush kwa maji ya bomba ya Mishomoroni, baba mkwe akailamba

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, habari za saa hizi.

Naleta kisa changu mwenyewe na wallahi sitakitia chumvi. Chumvi yenyewe mtaikuta humo ndani, tena tele.

Mimi ni fundi simu hapa Bombolulu, nyumbani ni Mishomoroni. Starehe yangu ni kuunda vyombo vidogo vya plastiki: meli, malori, mabasi, kila kitu kwa vipimo vyake, halafu navipuliza rangi kwa airbrush.

Kwa asiyeijua, airbrush ni kama kalamu inayopuliza rangi kwa upepo wa kompresa. Tundu lake ni dogo mno, kwa hivyo rangi lazima uizimue iwe nyepesi kama maziwa. Ikiwa nzito inaziba, ikiwa majimaji inachuruzika.

Wengine wanakunywa, wengine wanabeti. Mimi napuliza. Sijaona kosa langu.

Baba mkwe ndiye aliyeliona.

Mzee ni Mdigo wa Likoni, nahodha mstaafu wa tagi, zile boti za kuvuta meli kubwa bandarini. Siku ya posa aliuliza huyu kijana Jumapili hufanya nini. Shangazi yangu, Mungu amsamehe, akasema ukweli.

Tangu siku hiyo mimi kwake ni "yule wa midoli." Watoto wamezaliwa, wameanza shule, bado mimi ni yule wa midoli. Inauma, wakuu, sitaki kujifanya haiumi.

Sasa mwaka jana ile tagi yake ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Mzee hata redio hakuwasha tena.

Mke wangu Mwanasha akaniambia, "Muundie. Na kama hiki hukiwezi, basi hivyo vyengine vyote vitoe kwangu."

Nikaanza. Picha ilikuwa moja tu, imefifia, na nusu yake ni bega la mtu. Nilikata, nikagundisha, nikapiga msasa hadi vidole vikachubuka. Shabaha yangu ilikuwa Idi, kwa sababu Idi sote tunakula Likoni.

Ilipofika zamu ya rangi, akaingia Injinia.

Injinia ni mwenzetu wa kikundi cha waundaji. Alishuka kutoka bara, anakaa Mtopanga. Ni injinia wa nini, hakuna aliyewahi kujua. Ana maboksi ya kuundia yamepangwa hadi darini na hajafungua hata moja, lakini video zote ameangalia. Ukikosea anajua kwa nini. Ukipatia anajua ulivyobahatisha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Nilikuwa nimeishiwa na thinner, ile dawa ya kuzimulia rangi hizi. Injinia akasema, "Bro, unanunua thinner ya nini? Hizi ni acrylic, rangi za maji. Wasee wa majuu wanatumia maji ya bomba tu. Tap water. Cheki video."

Nikacheki. Kweli, mzungu kasimama jikoni kwake, kafungua bomba, katia tone, kapuliza. Rangi imelala kama hariri.

Halafu akanipa somo la pili, la kuhifadhi. Zimua nyingi kwa mkupuo ili rangi isibadilike, na ikibaki irudishe kwenye chupa yake, usitupe. Chupa ziweke dirishani ili uzione.

Wakuu wa Kisauni, mnaoyajua maji ya huku kwetu, naona mmeshaanza kushika vichwa.

Nikafungua bomba la uani. Maji ya kisima, yanayopandishwa tangini kwa pampu. Maji ambayo sabuni haitoi povu. Maji yaliyokula sufuria zetu na masinki yetu, na ambayo sijawahi kuyanywa hata nikiwa na homa. Ya kunywa na ya chai tunanunua mtungi kwa mtungi, kama kila mtu mtaani.

Nikayatia kwenye rangi ya mzee, na nikakoroga kwa heshima kabisa.

Siku ya kwanza airbrush ikaanza kutema mate. Nikampigia Injinia. Akasema ni presha ya kompresa.

Nikapunguza presha. Rangi ikatoka na vidonge vidonge. Akasema sikutikisa vizuri.

Ilipokauka, ubavu mweusi wa tagi ukaota ukungu mweupe. Akasema, "Hiyo ni humidity ya Coast, bro. Nyinyi huku mna shida ya hewa." Nikapangusa, ukaondoka. Kesho yake umerudi.

Na kila jioni, kwa utiifu wangu, kilichobaki nakirudisha chupani, chupa naziweka dirishani, jua la mabati linazipika. Nilipokuja kuifungua rangi nyekundu ya bomba la moshi la tagi, ilinuka kama ngisi aliyesahauliwa kwenye mfuko. Rangi zote zilikuwa zimeharibika, na Idi imefika.

Nikaipangusa tagi asubuhi, ikang'aa. Nikaitia kwenye katoni, tukavuka feri.

Injinia naye nilikuwa nimemwalika. Pilau hakosi.

Baada ya kula nikaifungua mbele ya ukoo mzima. Ukungu ulikuwa umerudi njiani, bomba la moshi limekuwa kama andazi lililonyunyiziwa sukari.

"Shikamoo baba. Hii ni zawadi yako."

"Marahaba. Hebu kilete hapa."

Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Akakitazama mbele, akakitazama nyuma. Akapitisha kidole ubavuni, kisha akakitia kidole mdomoni.

"Chumvi," akasema.

Mwanasha akageuka kunitazama. "Ulizimua kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Ya uani? Maji usiyoyapikia hata chai, ukamtilia baba yangu kwenye chombo chake?"

Mashemeji wakacheka hadi mmoja akatoka nje. Mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Injinia, mdomo una pilau, akaona hapo ndipo pa kuniokoa. "Mzee, hiyo inaitwa weathering, yaani unaifanya ionekane imezeeka baharini. Ni technique. Mimi ndio nilimshow."

Mzee akamwangalia kwa utulivu.

"Inaitwa chumvi," akasema.

Kisha akanigeukia mimi. "Chombo hiki nilikuwa nikikiosha kwa maji matamu kila nikitoka kazini. Umri wangu wote nimeiondoa chumvi hii. Leo wewe umeniletea mpaka sebuleni."

Hakuwa amekasirika. Ndiyo maana iliniingia.

Akakirudisha katonini mwenyewe, taratibu, akakiziba vizuri. "Kipeleke. Utanirudishia kikishaoga."

Njia nzima kurudi nilikuwa nalifikiria neno moja. Hakusema mdoli. Alisema chombo.

Nikamwaga rangi zote. Nikaagiza nyengine Nairobi zikaja kwa basi. Nikaiosha tagi kwa maji ya mtungi, nikaibambua rangi, nikaanza upya. Safari hii nazimua kwa thinner yake, na ikikosekana, kwa maji ya chupa. Nazimua ya leo tu, kwenye kikombe kidogo. Inayobaki natupa, hairudi chupani hata iniombe. Mdomo wa chupa naupangusa, nafunga kifuniko kikaze, naweka kabatini gizani.

Sasa tagi iko Likoni, kwenye kabati la vioo, imevifukuza vikombe vya harusi vya mama mkwe. Mzee huwaambia wageni, "Kaiunda mkwe wangu."

Juzi Injinia kaandika kwenye kikundi: "Tip: usitumie tap water Coast, ina chumvi. Najua from experience." Wamempongeza sana. Uzoefu wa nani, wakuu, sijauliza.

Funzo langu ni hili: mzungu wa video hajawahi kuoga Kisauni. Anachosema ni kweli, jikoni kwake.

Wenye visa vya rangi, vya mafundi wa mdomo au vya wakwe, uwanja ni wenu. Mnicheke tu, nimeshazoea. Kila nikienda Likoni, kabla sijakaa, mzee huniletea glasi ya maji mwenyewe, mbele ya watu, na kuniambia:

"Onja kwanza."