Trekta Dogo na Visiki vya Shamba Letu

Mashamba makubwa ya karanga ya Nachingwea yalipokuwa yakifungwa, mashine zilipangwa ziuzwe kwenye uwanja wa vumbi jekundu, na mtu yeyote aliweza kuingia kuzitazama. Mimi na mume wangu tuliingia asubuhi. Yeye alikuwa ameendesha matrekta ya mashamba yale kwa misimu minne, na kila aliporudi nyumbani aliniambia kuwa trekta moja hufanya kwa siku kazi ya watu arobaini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia watu arobaini siku ya kulima shamba letu, kwa hiyo nilimsikiliza vizuri.

Kwetu, upande wa Mandawa, tulilima kwa ujima. Kila kaya ilikuwa na siku yake. Majirani walikuja na majembe, wakalima mpaka jua lilipokuwa utosini, wakala, wakaondoka, na kesho yake ikawa zamu ya mwingine. Mwenye shamba alipika. Zamu zilipangwa na dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu, na sikumbuki mtu aliyebishana naye.

Matrekta mengi pale uwanjani yalikuwa makubwa mno, hata magurudumu yake yalinipita kimo. Mwishoni mwa mstari palikuwa na moja dogo, la kijivu, lililokuwa likivuta tangi la maji. Mume wangu aliinama chini yake, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa. Aliligonga kila gurudumu kwa kisigino. Karani wa stoo alisimama pembeni na daftari.

"Linawaka?" mume wangu aliuliza.

"Liwashe mwenyewe. Si ulikuwa dereva hapa?"

Liliwaka mara ya tatu. Karani akaniangalia mimi. "Na wewe mama, unalionaje?"

"Linakula nini?"

"Petroli kidogo ya kuliwasha, halafu mafuta ya taa likishapata moto."

"Basi halili ugali," nilisema, na karani akacheka akaandika. Akiba yetu yote ilibaki pale, na tuliondoka na trekta, plau yenye majembe mawili na bolti kadhaa za akiba kwenye kikopo. Nilikaa juu ya bati la gurudumu, nimeshika kwa mikono miwili. Tulilala Ruangwa kwa ndugu, na siku ya pili mchana tukafika.

Kesho yake nilifanya kosa langu. Nilimpelekea wifi ujumbe kwamba mwaka huu sisi hatutahitaji zamu. Nilidhani nampunguzia kazi.

Kosa la mume wangu lilionekana wiki iliyofuata. Kule Nachingwea alikabidhiwa ardhi ambayo mashine nyingine zilikwishaing'oa miti pamoja na mizizi yake. Kwetu hakuna aliyeng'oa kisiki. Tulikata mti kwenye usawa wa goti, tukachoma matawi, tukapanda kuzunguka kisiki, na maboga yakatambaa juu yake. Jembe la mkono hukizunguka kisiki bila shida. Yeye mwenyewe alizaliwa katika shamba la namna hiyo, na visiki hakuviwazia hata siku moja.

Trekta lilikwenda hatua kama ishirini, plau ikagota kisiki. Bolti inayoshika jembe la plau ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Kufikia adhuhuri kikopo kilikuwa kitupu, jembe moja la plau limepinda, na tulikuwa tumelima kipande kinachotosha kuanikia mihogo. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari yao. Hilo lilinitia hofu kuliko plau. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Kama mvua ingetukuta hatujalima, tusingekuwa na mahindi wala mtama mwaka mzima.

Mume wangu alipeleka jembe la plau kwa mhunzi, alinyoshe na atengeneze bolti nyingine. Mimi nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Karibu, wifi. Umekuja kwa miguu? Nilidhani siku hizi mnaendeshwa."

"Nimekuja kuomba siku."

"Siku yenu nimewapa wengine. Watu waliniuliza, hawa wametuacha? Nikawaambia sijui, kaliulizeni trekta."

"Nilikosea kutuma ujumbe ule. Visiki vimetushinda."

Aliendelea kumenya. "Visiki ni kazi ya mashoka. Siku tatu."

"Najua."

"Utapika siku zote tatu."

"Nitapika."

"Na siku ya zamu ya wenzenu mtakuja na nini?"

"Na trekta. Ndilo jembe letu."

"Kwangu litapita wapi? Mimi nina visiki vingi kuliko ninyi."

"Tukimaliza vyetu tutakuja kung'oa vyako."

Aliweka kisu chini. Nilimwona anahesabu kwa vidole. "Kesho kutwa," alisema. "Mwambie mdogo wangu anoe mashoka. Na asikae juu ya kiti chake cha chuma akituangalia."

Siku hiyo ilipofika, jua lilichomoza shambani hakuna mtu. Nilikuwa nimebandika maji, nimesimama mlangoni, sijui nipunguze kuni au niongeze. Kisha nikawasikia kabla sijawaona: walikuwa wanacheka, mmoja akiiga mlio wa trekta linalokwama. Walikuja karibu wote. Mume wangu aliwaacha wamtanie na akachimba mizizi pamoja nao mpaka viganja vikachubuka.

Siku ya nne alilima kuanzia asubuhi hadi alasiri bila bolti kukatika. Wifi alitembea nyuma ya plau na kijiti, akikichomeka kwenye udongo kila hatua chache.

"Linafika chini," aliniambia. Kwake hizo zilikuwa sifa nyingi.

Tulipanda siku mbili zilizofuata. Mvua ilinyesha mchana wa siku ya tatu, ya taratibu, ya kuloanisha. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa na trekta kwenye shamba la jirani, na watu wenye mashoka walikuwa mbele yake. Nilikaa kizingitini nikaangalia maji yakiingia kwenye matuta yetu, na kwa mara ya kwanza tangu tuache akiba yetu Nachingwea nikahisi njaa, nikawa na hamu ya kula.