Siku Nilipompeleka Baba Hotelini Nairobi

Haya, kwa kuwa mmeng'ang'ania nitasema, ingawa mke wangu mwenyewe mkasa huu nimemsimulia nusu, nusu nyingine nimeimeza mpaka leo. Mimi, Yohana Mghenyi, karani wa boma, mtu aliyekuwa akitembea Singida mjini na kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino, ilikuwa ya kupendezea tu), nilimwaibisha baba yangu mzazi mchana kweupe katika nchi ya watu, na yote yalianzia kwenye karatasi moja.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita. Baba alikuwa akiishi Ilongero, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akitambua mwanga na kivuli cha mtu, basi. Daktari wa misheni akasema hapa kwetu hakuna wa kumpasua, akatuandikia cheti cha hospitali ya Nairobi, akaongeza kwamba tukifika tutakaa mjini siku nne tukisubiri zamu. Mtu mwenye akili angewauliza madereva wa malori, wangemwambia kuna akina mama huko Pumwani wanaopangisha wageni vyumba (na dereva mmoja aliniambia hivyo hivyo, nikamwona mshamba). Mimi nilitaka hoteli. Na nitasema kwa nini: baba hakutaka nisome. Nilipokwenda shule ng'ombe wake walikosa mchungaji, na kwa miaka yote ile hakuwahi kutamka kwamba shule yangu imefaa kitu. Nilitaka alale kwenye shuka nyeupe, ajue kwamba kitanda kile kimetandikwa na kalamu ya mwanawe.

Anwani nilizipata kwenye magazeti ya Nairobi aliyokuwa akiyatupa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkubwa wa wilaya yetu. Nikaziandikia hoteli tatu, kwa mwandiko wangu mzuri na Kiingereza cha misheni cha kupiga magoti: mimi mtumishi wenu mnyenyekevu, naomba kwa heshima na taadhima, nitashukuru sana mkinifikiria. Wiki zikapita. Kila gari la posta lilipofika mimi ndiye niliyefungua mfuko, natafuta, nageuza, hakuna hata hoteli moja iliyojibu, hata ya kuniambia hapana. Nikaandika tena, safari hii nikapiga magoti zaidi. Kimya kile kile.

Sasa kazi yangu pale bomani ilikuwa kupiga taipu barua za Bwana Shauri, na siku moja vidole vikiwa kazini nikatambua kwamba yule bwana hamwombi mtu. Barua zake zilikuwa mistari miwili, anataka hiki, kifike lini, kwisha. Basi wenzangu walipotoka kwenda kula nikavuta karatasi moja yenye jina la ofisi juu, nikapiga: Tafadhali wekeni chumba kimoja, vitanda viwili, siku nne kuanzia Jumatatu. Jibuni kwa posta inayofuata. Chini nikachora sahihi, si ya kwake (mwizi wa jina sikuwa), ila ile namna yao ya kuchorachora ambayo hata mwenyewe hawezi kuisoma. Nilijiambia sijadanganya neno, sikusema mimi ni mweupe, na hakuna aliyeniuliza.

Jibu lilikuja upesi mpaka nikaogopa. Karatasi nzito, maneno matamu, tunafurahi kukuwekea chumba, tunangoja kwa hamu kukukaribisha. Nikaenda nayo Ilongero Jumamosi, nikaisoma mbele ya baba na majirani, nikitafsiri polepole ili utamu usipotee. Baba akauliza, "Huyo mwenye nyumba anaitwa nani?"

"Baba, ni hoteli. Haina mwenyewe kama hivyo."

"Nyumba haikosi mwenyewe. Mtu amekubali kulaza watu asiowajua, nasi tumwendee mikono mitupu?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikacheka. Baba akamtuma baba mdogo kurina mzinga wake ule bora, asali ikachujwa, ikatiwa kwenye kibuyu kikubwa kilichofungwa ngozi mpya, na kufikia siku ya kuondoka hakuna nyumba Ilongero ambayo haikujua kwamba kuna Mzungu Nairobi anamngoja Mghenyi. Walitusindikiza mpaka kwenye lori. Baba alikaa na kibuyu kile mapajani toka Singida mpaka Babati, Babati mpaka Arusha, Arusha mpaka Nairobi, hakukubali nimpokee hata mara moja.

Tulifika hotelini kabla ya adhuhuri. Bustani, ngazi za mawe, na pembeni ya mlango kibao kidogo ambacho nilikisoma nikajifanya sikukisoma. Ndani kulikuwa na meza, na nyuma yake mama wa Kizungu mwenye miwani. Nikampa barua yao. Akaitazama, akatutazama, akaniuliza kwa Kiingereza, "Bwana wako anafika saa ngapi?"

Baba akanigusa mkono. "Anasemaje?"

"Anauliza habari za safari."

"Mwambie safari njema, ni vumbi tu la Babati."

Nikamgeukia yule mama nikamwambia, kwa sauti ambayo mpaka leo naichukia, kwamba bwana aliyeandika barua ni mimi, na huyu ni baba yangu. Akacheka. Alipoona sicheki akaacha, uso ukawa mwekundu, akaanza kusema maneno mengi kwa haraka, kwamba huu ni udanganyifu, kwamba niliiba karatasi ya serikali, kwamba wageni wake wako mezani wanakula. Na kweli vijiko vilikuwa vimenyamaza, shingo zimegeuka.

"Anasemaje?"

"Anasema chumba bado kinafagiliwa, baba. Tusubiri kidogo."

Baba, maskini, akavua kofia. Akapiga hatua mbele kuelekea ile sauti, akashika kibuyu kwa mikono miwili, akainama (baba yangu, ambaye hata kwa mtemi alikuwa akiinama nusu), akasema, "Mama, hii ni asali ya kwetu. Ahsante kwa kutupokea." Yule mama akarudi nyuma kama ametupiwa nyoka, akasema nikitoe hicho kitu kichafu na nimtoe na huyo mzee.

"Anashukuru sana, baba. Anasema tukae nacho kwanza, tupumzike hapo nje."

Nikamketisha kwenye ngazi. Sikujua nifanye nini. Niliomba chochote kitokee, mvua, moto, nife. Wageni wakawa wanapita wakituruka miguu, na baba kwa kila kivuli kilichopita alikuwa akisalimia. "Hamjambo." Hakuna aliyeitikia. "Hamjambo wageni wenzetu." Nilikuwa natazama viatu vyangu, viatu nilivyovipaka rangi mara mbili kwa ajili ya siku ile.

Mwishowe akaja mlinzi wa mlango, mtu mzima mwenye tarabushi nyekundu. Akachuchumaa mbele ya baba. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Chumba tayari?"

Yule mlinzi akanitazama, na mimi nikatazama pembeni. "Mzee, huyu kijana wako hakukwambia? Hapa analala Mzungu peke yake. Mama amesema niwatoe, na nisipowatoa ninyi, nitatolewa mimi."

Baba alisimama taratibu, akapapasa kibuyu, akakiweka mikononi mwa yule mlinzi. "Basi chukua wewe uliyeitikia salamu." Mlinzi akakificha haraka nyuma ya chungu cha maua asionekane.

Tulikuwa tumeshafika barabarani niliposema, "Baba, nisamehe." Akajibu bila kusimama, "Macho ndiyo mabovu. Masikio yangu mazima. Maneno sikuyajua, lakini sauti ya yule mama niliisikia tangu neno lake la kwanza. Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Tukalala Pumwani, kwa mama mmoja aliyetupa mkeka na uji bila barua wala sahihi. Hospitali walimpasua, jicho moja likarudi. Mimi niliporudi bomani nikakuta ile hoteli, ambayo mimi iliniona si mtu wa kujibiwa, imeshamwandikia Bwana Shauri kunishtaki, na akanisimamisha mbele ya makarani wote niisome barua ile kwa sauti, mpaka mwisho. Kisha akanitoa kwenye taipu, nikawa mpanga mafaili. Hilo nililistahili, halikuniuma sana.

Lililoniuma ni Ilongero. Wazee walikuja kumpa pole na kuuliza habari za Mzungu wake, na baba, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiongeza chumvi hata kwenye habari za simba, akawaambia tulipokelewa vizuri, kitanda kilikuwa laini mpaka mgongo wake ukakataa usingizi, na asali waliifurahia. Alisema hayo huku mimi nimekaa pale pale. Alidanganya kwa ajili yangu, tena vibaya, hajui kudanganya, na wazee wakaniangalia kwa heshima ambayo nilitamani niiteme.

Hoteli sijaiandikia tena, wala sitaiandikia, hata sasa ambapo vibao vile vimeng'olewa. Na mtu akiniita nimkalimanie namwambia kilichosemwa, hata kikiwa tusi la kwake mwenyewe, ndiyo maana wengine mnaniona sina huruma.

Kaka yangu alikuwa Tanga kwenye mkonge, na barua zake baba alikuwa akinisubiri nije nimsomee. Baada ya Nairobi akaanza kumpelekea mwalimu wa dini. Nilimuuliza mara moja tu, kwa hasira, maana mwalimu yule alikuwa akisoma kwa kudonoadonoa kama kuku. Baba akanitazama kwa lile jicho lake moja.

"Hasomi vizuri kama wewe," akasema, "lakini anasoma kilichoandikwa."