Chumba cha Mama Nyuma ya Nyumba

Nyumba yetu ya Cato Manor, hapa Durban, imekaa kwenye mteremko, na sisi watu wa Bukavu mteremko hautushtui. Ukitaka nafasi unachimba. Basi mume wangu akachimba nyuma ya nyumba, akakata kilima wima, akasawazisha kiwanja cha chumba kimoja. Chumba hicho kingekuwa cha mama yangu. Alibaki peke yake katika nyumba yake Bukavu, kifua kikimsumbua, na alikubali kuja kwa sharti moja tu: hatalala chini ya paa moja na mkwe wake. Kwetu mama mkwe hafanyi hivyo, hata awe mgonjwa. Nilimbembeleza kwenye simu, nikamwambia Durban watu wanalala popote. Akanicheka.

"Mwanangu, mimi si mutu wa Durban."

Ikaja dhoruba. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na upepo wa baharini ukabeba nusu ya mabati yetu. Kile kilima kilichokatwa kikaporomoka, udongo ukafika dirisha la jikoni. Hatukuumia, na watu wa kanisani walimshukuru Mungu kwa ajili yetu. Mimi nilikuwa natazama tope tu, nalia kwa hasira.

Fundi tuliyempata ni Mkongo mwenzetu. Alizunguka nyuma, akatikisa kichwa.

"Mama, chumba itakuja mwisho. Kwanza ukuta ya kushika udongo. Bila ile, chumba itaenda na mvua ingine."

"Na bei?"

"Eish, mama. Durban yote inatafuta mabati leo."

Ndipo nilipoelewa kwa nini ukarabati unawamaliza watu huku. Dhoruba ikipita, kila mtu anamtaka fundi yuleyule na mchanga uleule, na bei zinapaa. Misumari ya kawaida haifai, hewa ya chumvi inaitafuna. Paa linafungwa kwa mikanda ya chuma hadi ukutani ili upepo usilinyanyue tena. Na pesa nyingi kuliko zote zinafukiwa ardhini, kwenye msingi na kokoto ambazo hakuna mgeni atakayezisifia. Niliuchukia ule ukuta. Ulikula chumba cha mama kabla hakijapata tofali hata moja.

"Munanijengea mpaka lini?" mama aliuliza kwenye simu, sauti imemwishia.

"Karibu, mama. Ukuta umebaki kidogo tu."

Ukuta ulikwisha, imara, hata mzuri. Wiki hiyohiyo dada yangu akapiga simu kutoka Bukavu: mama ametutoka.

Karatasi zetu za ukimbizi hazikuturuhusu kwenda kumzika. Wakongo wenzetu wa Albert Park, kule mjini, wakaja kukaa matanga na sisi, nyumba ikajaa, wengine wakabaki nje kwenye tope. Fundi naye akatokea na gari lake, amebeba mchanga wa sakafu ya chumba, hana habari. Aliona viti na watu, akadhani tunakaribisha mgeni.

"Mama yetu amefika?" akauliza, huku anacheka.

Mume wangu ndiye aliyemshika mkono akamweleza, kisha wakashusha mchanga pamoja. Wakautandaza juu ya tope, palepale kiwanjani, ili waombolezaji wapate pa kuweka viti.