Kinachong'aa ni Samli

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Nilikuwa Isaka, kwenye chumba cha kupanga karibu na reli, na ndoa yangu haijatimiza mwaka. Mume wangu alikuwa Rwamgasa akichimba dhahabu, na dereva mmoja wa lori alikuwa ameniletea salamu kwamba atakuja Pasaka. Nikaweka kitana cha chuma kwenye jiko la mkaa. Wenzangu walikuwa wakikijaribu kwanza kwenye karatasi, kisha mtu wa pili anakushughulikia kisogo. Mimi sikuwa na mtu wa pili. Kunyoosha nywele namna ile tulikuita kuchoma nywele, nami nilizichoma kweli.

Zilibaki za kahawia, zimefifia kabisa. Nikaanza kuzipaka samli kila asubuhi na kujitazama kwenye kioo. Zikang'aa! Nikajipongeza, mjinga mimi.

Siku chache kabla ya Pasaka alikuja shangazi kutoka Bukombe, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, aliyenilea tangu utotoni. Alinipangusa kichwa kwa pindo la kanga, akanionyesha doa la mafuta.

"Kinachong'aa ni samli, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma kama alivyozoea. "Nywele zako nitaziona ukiziosha."

Aliziosha mwenyewe kwa sabuni. Zilipokauka akanikalisha kizingitini, mgongo kwenye mwanga, akawa ananigeuza kichwa taratibu.

"Utosini pana mng'ao kidogo. Kisogoni hamna kitu. Zikate. Zikiota tena, uwe unaziosha kwanza, mafuta kidogo baadaye. Nitakuja kuzitazama."

Nikate, na Pasaka ndiyo hiyo? Hasira zilinipanda. "Wewe shangazi huna mume wa kumngojea. Utajua nini?"

Asubuhi alichukua kikapu chake akaondoka. Aibu ya neno lile ninayo mpaka leo.

Mume wangu alikuja. Alinishika kichwa, akafuta mkono kwenye suruali, akauliza chakula. Baada ya siku mbili akarudi machimboni. Nikabaki na kioo changu, na kioo hakikuonyeshi kisogo. Nywele zilikatikia kwenye kitana kila nilipochana, mpaka nikazikata zote huku nalia.

Zilipoota tena nilifuata maneno ya shangazi. Majirani walizisifu, lakini nilitaka kusikia kwake. Kiburi kilinichelewesha miaka miwili. Nilipofika Bukombe nilimkuta peke yake, macho yote yamezibwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mayu. Umeziosha?"

"Nimeziosha."

Alipitisha vidole kisogoni, polepole, mara mbili. "Zinateleza. Basi zinang'aa."

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini miaka ile miwili alikuwa amekaa gizani bila mtu, na mimi kule Isaka nikilalamika kwamba sina wa kunitazama.

Mwanangu, usijipime kwa mafuta uliyojipaka. Osha kwanza, kisha mgeuzie kisogo mtu anayekupenda. Akikuambia bado, mshukuru. Ukimkosea, panda basi wiki hiyohiyo. Siku hizi naosha mvi zangu na kukaa kizingitini, na hakuna wa kunigeuza kichwa. Mungu akujalie mtu wa kukuambia ukweli, na akujalie umfikie angali anakuona.