Pigo la Duchek

Wifi yangu Machna alikuja kwetu akiwa bibi harusi mwenye mdomo mkali na mikono mizuri ya kupura. Mdomo tuliuzoea. Mikono ndiyo iliyompendeza baba yetu Sezema, maana shayiri ya ghala letu ilitaka watu wanne, na tangu mama afariki tulikuwa watatu: baba, kaka yangu Duchek na mimi, Ofka.

Kupura ni kungojana. Gongo la kupuria lina mpini mrefu, na kwenye ncha yake kigongo kifupi kimefungwa kwa ukanda wa ngozi. Unakizungusha juu, kinashuka bapa kwenye mashuke. Ukiwahi, unagonga kigongo cha mwenzako. Ukichelewa, unamvuruga anayefuata. Machna alipewa pigo la tatu, Duchek la nne. Pigo la kaka yangu lilikuwa zito, halina haraka. Majira ya baridi ya kwanza niliwaona wakipura huku wanatazamana, shayiri hawaioni kabisa, nikajua baba amepata mkwe na kaka amepata zaidi.

Ndipo vita vikaja. Mfalme aliapa kutuchoma sisi waumini wa kawaida tunaokunywa divai ya kikombe kanisani kama mapadri, na huko Tabor, kwenye ngome ya watu wetu, ikaamuliwa watu wapokezane: hawa walime, wale wapigane, kisha wabadilishane. Upanga hatukuwa nao. Baba alimpeleka Duchek kwa mhunzi na gongo lile lile la ghalani, na sisi wanawake tukafuata. Mhunzi aliondoa ngozi akaweka pete za chuma, akakivika kigongo mikanda ya chuma na misumari. Mpini aliubadilisha akaweka mrefu zaidi, ili mtu aliyesimama ndani ya gari la mbao la vita amfikie aliye juu ya farasi. Mbele ya kitu hicho ngao haifui dafu: ukiukinga mpini, kigongo kinapinda juu ya ngao na kukufuata huko huko ulikojificha. Wasiokanyaga vitani huchora tufe la miba kwenye mnyororo. Upuuzi mtupu. Lilikuwa gongo la shayiri, basi.

"Umeniharibia," Machna alimwambia mhunzi. "Hilo likirudi halitapura tena, litasaga."

"Omba kwanza lirudi, mama."

Duchek akacheka. "Nitunzie nafasi yangu," alimwambia mkewe, akaondoka na wenzake.

Machna aliishika kauli hiyo kama ilivyo. Tulipura watatu, lakini hakuturuhusu kuziba pengo. Tunapiga mara tatu, tunanyamaza kwa kiasi cha pigo moja, tunaanza tena. Kijiji kizima kilisikia na hakikuacha kututania.

"Machna!" jirani yetu Kunka alipiga kelele kutoka kwake. "Ghala lenu linachechemea! Huyo mumeo anapura na malaika?"

"Afadhali malaika, kuliko wako anayepura na pipa la bia!"

Mimi nilikichukia kimya kile. Kila kilipofika kilinikumbusha kaka yangu, nikatamani tuzibe tu tumalize kazi. Machna alikisubiri. Siku moja alisimamisha gongo, macho yanang'aa.

"Wifi, leo nimemsikia."

"Umesikia panya."

"Panya gani mwenye mkono mzito hivyo?"

Tulicheka, kisha akalia, nami machozi yakanitoka. Baba akajifanya anatafuta kitu kwenye mabua.

Zamu ya Duchek iliisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Walisema ni hodari mno, wakuu wa vita hawakutaka kumwachia. Ikaja zamu nyingine, na nyingine. Majira ya baridi ya tatu aliingia uani na lile gongo la chuma begani, mzima wa viungo vyote, na Machna akakimbia pekupeku kwenye theluji.

Asubuhi alimpa gongo jipya la mti mtupu, alilokwisha kumwandalia. Tukasimama mahali petu. Baba akapiga, nikapiga, Machna akainua lake, na Duchek akashusha palepale. Vigongo vikanasana. Tukaanza upya, akawahi tena. Safari iliyofuata kigongo chake kilipita karibu na sikio la baba, na Duchek akalitupa gongo chini.

"Siwezi kungoja," alisema. "Kule garini, anayengoja zamu anakufa. Farasi akifika unapiga tu. Unapiga tu."

Baada ya hapo alikaa karibu na moto. Kuni alileta, maji alileta, maneno hakuleta.

"Alipokuwa mbali nilijua pa kuelekeza sala," Machna aliniambia. "Sasa nimtamani wapi, wifi? Yuko jikoni, anakula uji wangu."

Theluji ilipoanza kuyeyuka, habari zikaja kwamba kundi la vitani linaondoka. Haikuwa zamu yake. Duchek akasema atakwenda.

Machna alitwaa lile gongo la chuma, akaingia ghalani, akaburuta gunia la mabua hadi katikati. Tukamfuata wote.

"Nifundishe," alimwambia mumewe.

"Nini?"

"Pigo lako la huko. La kwetu limekushinda, basi nipe lako."

"Acha utani, mke wangu. Utajiumiza."

Machna akaanza kulipiga gunia. Alipiga vibaya, kwa nguvu zote, bila kupumzika. Duchek alitazama, kisha akaokota gongo la mti akaingia naye. Mabua yaliruka mpaka darini. Mimi na baba tulirudi nyuma hadi mlangoni, na nakiri niliogopa. Duchek alipiga kama walivyomfundisha, lakini mkewe alizidi. Kila alipoinua gongo, la Machna lilikuwa limeshashuka, naye hakupata pa kupiga. Akaanza kuhema.

"Machna, ngoja."

Hakungoja.

"Machna! Ningoje basi!"

Hapo ndipo aliposimama, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

"Nikungoje?" alisema. "Unadhani miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"