Kaka Zangu Walipoona Nimepungua

Niliposhuka kwenye gari pale nyumbani kwetu Butiama, kaka yangu mkubwa hakunisalimia. Aliniangalia kiunoni, akapanda na macho mpaka shingoni, halafu akazunguka nyuma. Maisha yake yote amenunua na kuuza ng'ombe mnadani, na ndivyo anavyowaangaliaga kabla ya kutaja bei. Alipomaliza akamwita mdogo wetu wa kiume.

"Mura, njoo uone. Huyu wamemmaliza."

Hakuna aliyenimaliza. Magoti yalikuwa yameniharibikia, na presha ilikuwa juu, mpaka dukani kwangu Musoma mteja akitaka kitenge cha rafu ya chini namwambia achukue mwenyewe. Daktari akasema uzito ndio unaoyaua magoti, akaniandikia sindano ya kupunguza mwili. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo masharti nayaeleza nilivyoyaelewa. Najichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki. Dozi inaanza ndogo, inapandishwa taratibu, na anayeipandisha ni daktari. Nile kidogo na polepole, nianze na samaki au maharage, nikishiba niache hata kama sahani bado ina kitu. Vya mafuta mengi nivikwepe, maji ninywe. Nikitapika bila kukoma au tumbo likiuma sana, nisisubiri kesho, niende hospitali. Na nisiikatishe kwa maneno ya watu, kama kuna shida nirudi kwake.

Haya yote nilikuwa nimemweleza kaka kwa simu. Alijibu, "Haya, haya." Sitaki kumwonea, siku hiyo alikuwa mnadani na kelele zilikuwa nyingi. Inawezekana hakusikia hata nusu.

Walikuwa wamechinja mbuzi kwa ajili yangu na mume wangu niliyekuja naye. Sahani yangu ilikuja na mlima wa ugali, ini na mbavu zinazong'aa mafuta. Nilikula ini na matonge machache, nikaona nimeshiba, nikanawa.

"Umenawa?" wifi yangu, mke wa kaka, akashangaa. "Au mbuzi wa Butiama ananuka siku hizi?"

"Nimeshiba, wifi."

"Umeshiba nini? Hata kuku angekuwa bado anatafuta."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili yaishe. Hayakuisha. Vyombo vilipotolewa, kaka alivuta viti, mume wangu akawekwa upande wa pili peke yake kama mtu mwenye kesi.

"Shemeji," kaka akaanza, "sisi tulikupa mtu mwenye mwili wake. Leo unatuletea nini?"

"Ni dawa ya hospitali, shemeji."

"Dawa ya kukondesha mtu? Tangu lini unene ukawa ugonjwa?"

Mume wangu akatazama chini. Ni mpole, na mbele ya wakwe zake anakuwa mpole zaidi ya inavyotakiwa. Kaka akatoa uamuzi kwamba nitabaki Butiama mpaka mwili urudi, nitakunywa maziwa, nitakula nyama, na hiyo sindano nitaiacha. Alisema yote hayo akimtazama mume wangu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nina masikio na nina mdomo, na mwili uliokuwa unajadiliwa ni wangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nashuka ngazi za kanisani kinyumenyume kama mtoto anayejifunza, na hakuna aliyeita kikao. Leo nashuka kama watu, ndiyo wameshtuka.

"Mbona hamniulizi mimi?" nilisema. "Hanipigi. Haninyimi chakula. Nimeandikiwa dawa, nikiikatisha magoti yatarudi kulekule."

Mdogo wetu akaniambia, taratibu kabisa, "Dada, hata marehemu alikuwaga anasema hivyohivyo."

Marehemu ni dada yetu aliyeolewa Guta, kule Bunda, akaanza kupungua. Kila tukiuliza alituambia yuko sawa, mumewe ni mzuri, ni uchovu wa kulima pamba tu. Kaka zangu waliheshimu neno lake, wakakaa kimya. Walipokwenda kumchukua alikuwa hawezi kukaa mwenyewe. Kwa hiyo woga wao naujua unakotoka, na siwezi kusema hauna sababu. Lakini marehemu ni marehemu na mimi ni mimi. Kwa nini kosa la kumwamini yeye nililipe mimi kwa kutoaminiwa?

Nikasema, "Basi kaka, twende ukamsikie daktari kwa masikio yako. Akisema niache, nitabaki hapa ninywe hayo maziwa."

Jumatatu tukaenda naye Musoma. Daktari ni kijana, angeweza kuwa mtoto wetu. Kaka akavua kofia, akaiweka gotini. Daktari akaeleza: ale kidogo, asilazimishwe, dawa asiikatishe bila kurudi kwake. Ni maneno yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule niliomweleza mimi.

"Ndiyo, daktari," kaka akaitikia. "Naam, daktari. Kumbe!"

Kumbe!

Halafu akainama mbele, akashusha sauti. "Na kwenye damu, daktari? Mmempima yote?"

Daktari akanitazama mimi kwanza, aone kama naruhusu. Nikamwambia amjibu. Akasema nimepimwa yote na hakuna kilichoonekana. Kaka akashusha pumzi, akaichukua kofia gotini akajifunika nayo uso. Nilikuwa na hasira naye vibaya sana, na bado nililiona hilo.

Pale nje ya hospitali akapiga simu nyumbani kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Dada yenu ni mzima! Kuanzia leo asilazimishwe chakula na mtu yeyote. Mimi nimesema!"

Mchana nikawapikia sato nyumbani kwetu pale Musoma. Kaka akamwambia mume wangu, "Shemeji, yale yameisha." Mume wangu akajibu, "Yameisha, shemeji." Wakashikana mikono, wakacheka, wakaanza kuzungumzia bei ya madume mnadani Nyamuswa. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa.

Labda mimi ni mtu wa kinyongo. Alipanda gari mpaka Musoma kwa ajili yangu, na angefanya hivyo Guta mapema, pengine tungekuwa na dada. Hilo nampa, na nampa lote. Ila mimi sijasema yameisha. Nilimmwagia maji yeye, nikammwagia mume wangu, nikakaa na sahani yangu ndogo. Nikawaambia wote wawili, "Siku nyingine mkitaka kujua habari za mwili wangu, anzeni kwangu."

Kaka akaacha kutafuna. Mume wangu ndiye aliyejibu, akasema, "Sawa, mama." Kaka alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye samaki wake.