Pangaboi la Malimi Juu ya Mama Mkwe

Malimi ni fundi baiskeli pale Mkuyuni, mtu wa miaka hamsini na miwili, mpole kupita kiasi, na upole wake ndio unaoniudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Tumekuwa majirani miaka kumi na mitatu kwenye mlima huu wa mawe juu ya Kirumba, mimi nyumba ya chini, yeye ya juu kidogo, na kati yetu kuna ngazi za mawe ambazo watu wawili hawapishani mpaka mmoja abane tumbo. Mimi ni mwalimu, Mhaya wa Kagera, jina langu Prudencia. Nasema hivyo mapema ili nikianza kuwacheka Wasukuma ijulikane nawacheka kama jirani.

Mwaka jana mke wake, Modesta, alimleta mama yake mzazi kutoka Magu. Bibi Ng'washi alikuwa amefiwa na mumewe, akabaki peke yake, na ndani ya miezi minne akaanguka mara mbili njiani kwenda kisimani. Hapa alipewa chumba cha peke yake chenye kiua chake, sakafu ya saruji, geti la bati, kila kitu. Kasoro ilikuwa moja tu: dirisha linatazama jiwe. Ukinyoosha mkono dirishani unaligusa. Saa sita mchana, humo ndani huwezi kutofautisha mchele na chuya.

Umeme hatuna. Waliokuja kupima walisema shimo la nguzo halichimbiki kwenye mwamba, tusubiri, na sisi tunasubiri. Sola Malimi aliijaribu, lakini jua huchungulia bati lake saa mbili tu, kisha jiwe lile lile linalifunika. Na huko kijijini Magu, kwa Bibi, umeme umeshafika mpaka kwenye zizi la mbuzi. Bibi kazi yake ni kusuka vikapu, na gizani alikuwa anasuka vitu ambavyo hata yeye hakuvijua ni nini. Alivumilia majuma sita, kisha akamwambia binti yake kwamba kaburini ataenda zamu yake ikifika, hatahamia mapema. Akataja siku ya kuondoka: Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nane, basi la alfajiri.

Hapo ndipo mambo ya Malimi yalipoharibika, maana Modesta naye alianza kukunja vitenge vyake kwenye begi. Hakuwa na ugomvi na mumewe. Alisema tu kwamba hawezi kumwacha mama akaanguke mara ya tatu, kwa hiyo mama akienda naye anaenda, na kurudi hajui lini. Malimi alikuja kunieleza haya akiwa ameshika kofia mkononi. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa sababu nilimuuliza kama amemwambia mkewe abaki, akanijibu kwamba hakutaka kumsumbua.

Kitu pekee tulicho nacho kwa wingi huku juu ni upepo. Unatoka ziwani kila siku baada ya adhuhuri, na mimi umeshanichukulia mashuka mawili. Malimi akapiga hesabu zake za baiskeli. Alichukua rimu kuukuu yenye tairi, akaifungia mapanga sita aliyoyapasua kutoka bomba la plastiki la maji machafu, na pembeni ya tairi akabana dinamo nne za baiskeli za zamani, zile zinazowasha taa gurudumu likizunguka. Waya wake uliteremka mpaka chumbani kwa Bibi, ambako Modesta alipachika taa nne ukutani. Mkia wa kuelekeza mtambo kwenye upepo aliukata kutoka bango la bati la saluni, kwa hiyo ulikuwa na mwanamke mwenye nywele nzuri sana anayetabasamu. Watu wa mtaa wakauita pangaboi, wakamuuliza kwa nini analipulizia jiwe hewa.

Tatizo lilikuwa ni mahali. Upepo wa maana unapita sehemu moja tu, juu kabisa ya lile jiwe, na lile jiwe limesimama juu ya kiua cha Bibi Ng'washi. Sasa, kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Wakikutana njiani, mwanamume anaiacha njia. Hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na kwamba mkwe apande mahali akae juu ya kichwa cha mama mkwe, amwone anavyofua na kuoga, hilo halisemeki. Hata kwetu mkwe ana heshima zake, lakini sisi hatujengi nyumba moja juu ya nyingine halafu tukaapa kutotazama chini.

Malimi akanunua filimbi ya refa. Akipuliza mara moja, maana yake napanda, na Bibi anaingia chumbani na kujifungia, geti na mlango. Akipuliza mara mbili, nimeshuka, na Bibi anatoka. Juu ya hapo, kwa heshima, alifanya kazi yote akiwa ameugeukia mlima, kofia imeshushwa mpaka puani, akipapasa nati kwa vidole. Matokeo yake mapanga matatu yalitazama upande mmoja na matatu upande mwingine. Upepo ulipokuja mtambo ulisimama pale pale ukitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ikabidi aanze upya, na kila alipoanza upya Bibi alifungiwa tena. Majuma mawili mazima alimtafutia mama mkwe mwanga kwa kumkalisha gizani, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Jumamosi iliyotangulia safari, Modesta aliteremka sokoni Mwaloni kununua dagaa wa kupeleka Magu. Mimi nilikuwa shuleni na masomo ya ziada. Malimi akapuliza filimbi saa sita, Bibi akajifungia, kazi ikaanza.

Niliporudi saa tisa niliinua macho nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameukumbatia mlingoti wa mtambo kwa mikono na miguu, mapanga yanapita kwa kasi shubiri mbili juu ya kofia yake, na yule mwanamke wa saluni anatabasamu kuelekea ziwani. Nikamwita. Akaweka kidole mdomoni. Mtu yuko juu ya jiwe refu kuliko nyumba mbili, ananong'ona. Nilipanda mpaka nilipoweza kumsikia. Ngazi yake ya mbao, ambayo aliiegemeza kwenye jiwe kwa kupapasa, ilikuwa imesukumwa na upepo ikaangukia kiuani kwa Bibi. Filimbi ilikuwa imemtoka mdomoni ikaingia kwenye ufa wa jiwe. Na kupiga kelele hakuweza, kwa sababu mtu hawezi kupiga kelele juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa saba.

Nilikwenda kugonga geti. Nikampa Bibi shikamoo kupitia bati, akaniitikia marahaba kutoka ndani, sauti yake tulivu kabisa. Nikamwambia afungue nichukue ngazi. Akasema filimbi ya pili haijalia. Nikamweleza kwamba haitalia, imeangukia ufani. Akasema basi nisubiri, kuna mstari anaumalizia. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachungulia kwenye tundu la geti, na chini ya mlango wake wa chumba nikaona mwanga. Bibi alikuwa amekaa na taa nne za baiskeli zimewaka ukutani, saa mbili nzima, akisuka kikapu, na hakumwambia mtu.

Alipotoka alikuwa amejifunika ungo kichwani, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili asije akamwona aliye juu. Geti hakulifungua. Aliiendea ngazi akapapasa mpaka akaipata, akaanza kuisimamisha yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Kiuani alikuwa na mtetea mwekundu aliyekuja naye kutoka Magu, na alimgeukia huyo.

"Wewe kuku," alisema, "mwambie huyo mtu ngazi iko kulia kwake. Ashuke taratibu."

Kutoka juu Malimi naye akamwomba kuku amshukuru mama. Akauachia mlingoti ili ashike ngazi. Hapo hapo mtambo mzima ukageuka ukampa upepo mgongo, mapanga yakasimama, na mwanga chini ya mlango ukazimika. Kumbe kwa kupapasa kwake alisahau kukaza komeo la mkia, ukawa unapepea tu bila kuelekeza kitu na mlingoti unazunguka ovyo, na muda wote ule kilichoushikilia mtambo ukatazama upepo kilikuwa ni yeye.

Bibi aligeuka akatazama mlango wake mweusi. Alisimama kitambo, ungo kichwani, mkono mmoja kwenye ngazi.

"Kuku, mwambie arudi," alisema.

Malimi akarudi juu. Akaukumbatia mlingoti, mtambo ukageuka, mapanga yakashika kasi, taa zikawaka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mawe. Nilikuwa bado nacheka Modesta alipofika nyuma yangu na mfuko wa dagaa, akasimama getini, akachungulia kwenye tundu nililokuwa nachungulia mimi. Nikaacha kucheka, kwa sababu Bibi alikuwa ameanza kusema, na sasa hakumtazama kuku wala hakumtaja.

"Mimi sikuja kukuchukulia mke," alisema. "Naogopa giza. Tangu tumzike mzee, nikizima taa namsikia anakohoa. Ningemwambia nani jambo kama hilo? Mtoto angelia. Na wewe hatusemeshani."

Nilimjua Malimi, nilijua ataomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na kweli kinywa chake kilifunguka kwa hilo. Kisha akakifunga. Akaivua kofia iliyokuwa imemfunika macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yake akatazama chini kwa mama mkwe.

"Mama," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu, "ingia ndani ukasuke. Nimekushikia."

Modesta aliuweka mfuko wa dagaa chini, akakaa karibu nami. Bibi aliingia chumbani, na mlango akauacha wazi. Malimi akakaa kule juu mpaka upepo wa ziwa ulipotulia, saa kumi na moja na nusu.